Kati ya Dawa na Hamira: Historia ya Bakteria Wanaonasa Naitrojeni katika Mashamba na Bustani za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya bakteria wanaonasa naitrojeni katika udongo wa mashamba na bustani, tangu kazi yao ilipothibitishwa Ujerumani mwaka 1886 hadi kuingizwa kwao katika pakiti zinazouzwa kwa wakulima wa Afrika Mashariki hivi leo. Hoja yetu ni kwamba, katika matukio mengi ya anguko yaliyorekodiwa, kosa halikuwa la bakteria wala la mkulima. Lilikuwa la kumsafirisha, kumhifadhi na kumsimamia kiumbe hai kana kwamba ni kemikali. Makala yanapitia majaribio ya Ulaya na Marekani, kazi za vituo vya Amani, Muguga, Yangambi na Nachingwea, kuanzishwa kwa uzalishaji wa bakteria Nairobi, Rubona, Makerere na Morogoro, na mifano ya Australia na Brazil. Sehemu ya mwisho inachunguza majina ambayo Kiswahili kimekipa kitu hiki, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: naitrojeni, bakteria, mikunde, vinundu, historia ya kilimo, istilahi

1.0 Utangulizi

Katika duka la pembejeo la mji mdogo wowote wa eneo letu, mkulima wa soya anaweza kuuziwa vitu viwili vinavyodaiwa kufanya kazi moja. Cha kwanza ni mfuko wa mbolea wa kilo 50, ambao humlazimu kukodi pikipiki ili kuufikisha nyumbani. Cha pili ni pakiti inayoenea katika kiganja, iliyojaa unga mweusi, ambayo inatosha mbegu za ekari moja. Mfuko ukikaa dukani miezi sita, bado ni mbolea. Pakiti ikikaa miezi hiyo hiyo juu ya rafu iliyo chini ya bati, yumkini imebaki kuwa unga mweusi tu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kwa takriban asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo, kwa kuwa atomu zake mbili zimeshikana kwa kifungo kigumu mno kuvunjika. Viumbe pekee wenye uwezo wa kukivunja ni baadhi ya bakteria na jamaa zao wa karibu. Wapo wanaoishi huru katika udongo, na wapo wanaoingia katika mizizi ya mikunde na kujengewa humo makazi yanayoitwa vinundu. Mmea huwapa sukari, nao huulipa naitrojeni. Katika mazingira mazuri, soya huweza kunasa zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu mmoja.

Kwa nchi zinazoagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mbolea yao ya naitrojeni, jambo hili si la maabara peke yake. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kuongeza matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Tanzania, Kenya na Rwanda zilianzisha mipango ya ruzuku kati ya mwaka 2007 na 2008. Bei ya mbolea ilipopaa mwaka 2022 kufuatia vita vya Ukraine, swali la zamani lilirudi: kwa nini tunanunua kwa fedha za kigeni kitu ambacho bakteria wa udongo wanaweza kukitoa hewani, walau kwa mazao ya mikunde? Jibu halimo katika biolojia pekee. Sehemu kubwa imo katika historia.

2.0 Maarifa Yaliyotangulia Jina

Wakulima walifaidi kazi ya bakteria hawa muda mrefu kabla ya yeyote kuwaona kwa hadubini. Kunde, njugu mawe, mbaazi na choroko zimepandwa pamoja na nafaka katika mashamba ya pwani na bara kwa karne nyingi. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kilimo cha ngoro hufuata mzunguko ambao maharage hupandwa kwanza juu ya matuta yaliyofukiwa nyasi, kisha mahindi yakafuata. Katika vihamba vya Wachaga, maharage huota chini ya migomba na kahawa, na miongoni mwa miti ya kivuli imo ya jamii ya mikunde.

Inafaa hapa kujihadhari na sifa zisizo na kipimo. Maharage ya kawaida si hodari katika kunasa naitrojeni. Rutuba ya ngoro hutokana zaidi na nyasi zinazooza na udongo usiochukuliwa na maji, na ya kihamba hutokana zaidi na samadi na masalia ya migomba. Aidha, bustani iliyo karibu na nyumba, inayopokea majivu, samadi na takataka za jikoni, mara nyingi huwa na naitrojeni ya kutosha kiasi kwamba mikunde iliyopandwa humo huota vinundu vichache, kwani mmea hauoni sababu ya kumlisha mgeni asiyehitajika. Shamba la mbali lililochoka ndilo lenye njaa ya naitrojeni, lakini ndilo pia lenye asidi nyingi, fosforasi haba na mboji kidogo, mambo yanayowadhoofisha bakteria. Mkulima anayechagua kipi kipandwe karibu na kipi mbali anafanya hesabu ambayo sayansi ilichelewa kuielewa.

Pamoja na hayo, maofisa wengi wa kilimo wa enzi ya ukoloni waliutazama mchanganyiko wa mazao kama ishara ya uzembe. Shamba safi kwao lilikuwa la zao moja lililopandwa kwa mistari. Mtazamo huo ulijenga mazoea ambayo hayajaisha: maarifa ya udongo huanzia kituo cha utafiti na kushuka kwa mkulima, wala hayapandi kutoka kwake.

3.0 Kosa Lililozaa Ugunduzi

Mwaka 1838 Jean-Baptiste Boussingault, aliyekuwa na shamba Bechelbronn katika jimbo la Alsace, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba klova na njegere ziliongeza naitrojeni ilhali ngano haikuongeza. Matokeo hayo yalizua ubishi wa nusu karne. Kituo cha Rothamsted nchini Uingereza kiliamua kuumaliza. Kati ya mwaka 1857 na 1858, Lawes, Gilbert na Pugh waliotesha mimea ndani ya vyombo vya kioo kwa uangalifu mkubwa mno. Waliuchoma udongo kwanza ili kuondoa kila chembe ya naitrojeni iliyokuwamo. Mimea haikuongeza kitu, na ripoti yao ya mwaka 1861 ikachukuliwa kuwa neno la mwisho.

Tunajua leo kwamba usahihi wao ndio uliowapoteza. Kwa kuuchoma udongo, waliwaua waliokuwa wakiwatafuta. Tukio hili ni la kwanza katika mfululizo ambao makala haya yanaufuatilia: bakteria wanakufa mikononi mwa mjaribu, kisha inatangazwa kwamba hawana kazi.

Mnamo Septemba 1886, Hermann Hellriegel wa kituo cha Bernburg aliutangazia mkutano wa wanasayansi mjini Berlin kwamba njegere hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe walio katika vinundu vya mizizi. Taarifa kamili aliyoiandika pamoja na Hermann Wilfarth ilitoka mwaka 1888. Mwaka huo huo Martinus Beijerinck, huko Delft, aliwatenga bakteria hao na kuwaotesha nje ya mmea. Katika miaka ya 1890 Sergei Winogradsky alimtambua bakteria anayenasa naitrojeni akiishi huru katika udongo usio na hewa, na mwaka 1901 Beijerinck akaeleza wengine wanaohitaji hewa, aliowaita Azotobacter. Hivyo, katika muda wa miaka 15, makundi makuu ya bakteria wa mashamba na bustani yalikuwa yamepata majina.

4.0 Biashara ya Kwanza na Anguko la Kwanza

Biashara haikukawia. Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walipata hataza mwaka 1896, na bidhaa yao iliyoitwa Nitragin ikauzwa katika chupa, kila chupa ikiwa na bakteria wa zao fulani. Wakati huo huo kampuni ya Bayer iliuza bidhaa iliyoitwa Alinit, iliyodaiwa kuzipatia nafaka naitrojeni. Majaribio huru hayakuthibitisha dai la Alinit, na ikatoweka sokoni. Nitragin ilikuwa na msingi wa kweli, lakini bakteria wake walioteshwa juu ya jelatini waliharibika kwa joto na mwanga, na matokeo shambani yakawa ya kubahatisha.

Kisa cha Marekani kina mafunzo zaidi kwa watunga sera, kwa sababu kilihusu serikali yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, George T. Moore wa Wizara ya Kilimo alibuni njia ya kukausha bakteria juu ya pamba. Wizara iligawa pakiti hizo kwa wakulima wengi, magazeti yakazisifu kupita kiasi, na kampuni zikaingia sokoni. Mwaka 1905 Moore alijiuzulu kufuatia tuhuma za uhusiano na kampuni iliyouza bidhaa hiyo. Kituo cha utafiti cha jimbo la New York kilipozichunguza pakiti za pamba zilizokuwa zikiuzwa, kilikuta kwamba bakteria waliotarajiwa walikuwa wamekufa au wamebaki wachache wasiofaa kitu.

Yaliyofuata yanafahamika. Mwaka 1898 William Crookes alikuwa ameonya mjini Bristol kwamba dunia ingepungukiwa na naitrojeni ya kulishia ngano. Fritz Haber aliunganisha naitrojeni na haidrojeni katika maabara yake mwaka 1909, na kiwanda cha Oppau kikaanza kutengeneza amonia mwaka 1913. Kemikali ilikuwa na sifa moja ambayo bakteria hawakuwa nayo: haikufa njiani. Viwanda, sheria za mbolea, maghala na elimu ya ugani vikajengwa kwa kuifuata sifa hiyo.

5.0 Kutoka Amani hadi Muguga na Yangambi

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kikanda ilihamia Muguga, karibu na Nairobi, chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948. Upande wa magharibi, Wabelgiji waliunda taasisi ya INEAC mwaka 1933, yenye makao makuu Yangambi kando ya Mto Kongo. Kituo cha Rubona nchini Rwanda kilikuwa sehemu ya mtandao huo. Kwa hiyo eneo ambalo leo ni Jumuiya moja lilirithi mapokeo mawili ya sayansi ya udongo, moja likiandikwa kwa Kiingereza na jingine kwa Kifaransa.

Mwaka 1954 Kongamano la Tano la Kimataifa la Sayansi ya Udongo lilifanyika Léopoldville, Kinshasa ya leo. Huko Jane Meiklejohn aliwasilisha maelezo kuhusu bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka katika udongo wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata alichapisha utafiti kuhusu athari za kuchoma vichaka kwa viumbe wa udongo wa nyanda za juu za Kenya. Huko Yangambi, C. Bonnier alichunguza ushirika wa mikunde na bakteria katika ukanda wa ikweta. Mwaka 1958 H. F. Birch, akiwa Muguga, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyotoa naitrojeni kwa wingi mara tu unapoloweshwa na mvua ya kwanza, kwa sababu viumbe wake huamka kwa pamoja. Mkulima anayekimbilia kupanda mvua inapoanza alikuwa akiuwahi utajiri huo. Jina la Birch liko katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote, lakini ni nadra kulikuta katika vitabu vya kiada vya Kiswahili.

Upande wa mazao, hadithi yenye uzito zaidi ilianzia katika magofu ya Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Mpango huo, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliigharimu serikali ya Uingereza mamilioni ya pauni huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bakteria hawakuhusika na anguko hilo. Karanga huota vinundu kwa bakteria wa kienyeji waliozagaa katika udongo wetu, na kilichouangusha mpango ni ukame, udongo ulioganda kama saruji na mashine zisizofaa. Hata hivyo, Nachingwea ilibaki kuwa kituo cha utafiti, na katika miaka iliyofuata ikawa mahali pa kuzalishia aina za soya.

Soya ilikuwa mgeni kutoka Asia. Aina nyingi zilizoletwa hazikuwakuta huku bakteria waliozizoea, hivyo ziliota bila vinundu na kugeuka manjano. Palikuwa na njia mbili za kutoka: kumleta bakteria, au kuibadili soya ikubali bakteria wa kienyeji. Aina ya Hernon 147, iliyotokana na kazi ya Nachingwea, ilifahamika kwa kuweza kuota vinundu bila kupandikizwa bakteria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taasisi ya IITA ya Ibadan ilianza kuzalisha soya kwa lengo hilo hilo. Njia hii ya pili haikuhitaji kiwanda, jokofu wala pakiti, na manufaa yake yalisafiri ndani ya mbegu ambayo mkulima aliweza kuihifadhi mwenyewe. Soya ya namna hiyo nayo, hata hivyo, mara nyingi huzaa zaidi ikipewa bakteria hodari. Njia hizo mbili hazipingani.

Mfano mwingine wa bakteria waliosafiri bila pakiti ni wa marejea. Katika miaka ya 1980 watawa Wabenedikti wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliueneza mmea huu wa jamii ya mikunde kama mbolea ya kijani. Marejea huota vinundu kwa bakteria waliomo tayari katika udongo, na hulimwa na kufukiwa ili zao linalofuata lile naitrojeni yake.

6.0 Mwaka 1977 na Warithi Wake

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na Muguga ikakoma kuwa kituo cha kikanda. Mwaka huo huo, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua kituo cha rasilimali za viumbe vidogo katika kampasi yake ya Kabete, kikijulikana kwa kifupi MIRCEN. Kanda ilipoteza taasisi ya pamoja, na chuo kimoja kikapewa jukumu la kuhifadhi na kugawa bakteria wa mikunde kwa eneo zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo hicho kilianza kutoa bidhaa iitwayo Biofix, ambayo bakteria wake hubebwa katika tope lililokaushwa la viwanda vya sukari. Baadaye leseni ya kuizalisha ilitolewa kwa kampuni ya MEA.

Nchini Rwanda, taasisi ya ISAR iliyoirithi Rubona mwaka 1962 ilianza kutengeneza bakteria wa mikunde katika miaka ya 1980. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu na taasisi, utafiti wa kilimo ukiwamo. Uzalishaji uliofufuliwa baadaye uliangukia mikononi mwa Bodi ya Kilimo ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, navyo vilizalisha bakteria kwa viwango vidogo. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, uliziunganisha baadhi ya jitihada hizi kwa majaribio mengi ya mashambani.

Ukizitazama taasisi hizo kwa pamoja, unaona sura moja. Kila moja ilianzishwa kwa ufadhili wa mradi, katika maabara ya chuo au kituo cha utafiti, na kila moja iliyumba mradi ulipokwisha. Hakuna iliyojengewa soko la uhakika, na serikali hazikuwa mnunuzi wa kudumu kama zilivyokuwa kwa mbolea ya ruzuku. Bakteria waliobeba matumaini makubwa walipewa bajeti ya majaribio.

7.0 Walichokifanya Wengine

Australia ilipitia anguko kama la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bidhaa za kibiashara zisizo na ubora ziliwatia hasara wakulima wa malisho. Jibu lilikuwa kuanzisha, mwaka 1956, huduma ya udhibiti katika Chuo Kikuu cha Sydney, chini ya J. M. Vincent. Huduma hiyo iliwapa watengenezaji bakteria wa asili walioteuliwa, kisha ikapima bidhaa kabla ya kuuzwa. Serikali haikuingia katika uzalishaji. Ilijitwika kazi ya kuhesabu.

Brazil ilikwenda mbali zaidi. Kwa mchango mkubwa wa mwanasayansi Johanna Döbereiner, wazalishaji wa mbegu walichagua aina za soya katika mashamba yasiyotiwa mbolea ya naitrojeni, ili zibaki zile zinazoshirikiana vyema na bakteria. Kanuni za nchi hiyo zinadai bakteria wasiopungua bilioni moja kwa kila gramu au mililita ya bidhaa. Leo mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuzalisha soya huilima karibu yote bila mbolea ya naitrojeni. Karibu nasi, Zimbabwe imezalisha bakteria wa soya katika maabara ya Marondera tangu miaka ya 1960 bila kukoma, japo imepitia misukosuko mingi ya kiuchumi.

Hali ya soko kwa jumla haijatengemaa. Herrmann na wenzake (2015) walichunguza bidhaa 65 za kibiashara za bakteria wa kilimo. Bidhaa zilizoonekana safi zilikuwa asilimia 37 tu, na takriban asilimia 40 hazikuwa na bakteria waliotajwa kwenye kifungashio hata kidogo, bali viumbe wengine wasiohusika. Ni zaidi ya miaka 100 tangu pakiti za pamba za Marekani, na kipimo kile kile kinatoa jibu linalofanana. Mkulima aliyenunua mojawapo ya pakiti hizo akapanda bila kuona tofauti, hakukosea aliposema kwamba haifanyi kazi.

8.0 Jina na Kitu

Mkutano wa Kiswahili hauna budi kuuliza: kitu hiki kinaitwaje, na jina lake linamwelekeza mtumiaji kufanya nini? Katika maandishi ya ugani tunakuta "chanjo ya mbegu", "mbolea ya vijidudu", "mbolea hai" na "kirutubishi". Dukani, neno linaloshinda yote ni "dawa", kama ilivyo kwa karibu kila kitu kinachopakwa kwenye mbegu.

Kila jina lina maelekezo yake. Dawa huua: huwekwa pamoja na dawa nyingine, na mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya ukungu haionekani kuwa na shida ya kuongezewa nyingine. Kumbe baadhi ya dawa hizo huwaua bakteria. Chanjo humkinga mwili dhidi ya maradhi, na anayesikia neno hilo atatarajia maharage yasiyougua. Mbolea hupimwa kwa kilo na kwa asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Sheria za mbolea zilizotungwa kwa ajili ya kemikali zinapoikuta pakiti isiyo na asilimia yoyote ya hizo, hazijui ziiweke wapi.

Tunapendekeza kwamba ulinganisho unaofaa zaidi katika maelezo ya ugani ni hamira. Kila mpishi wa mandazi anajua kwamba hamira ni kidogo lakini huumua unga mwingi, kwamba maji yanayochemka huiharibu, kwamba pakiti iliyokaa sana haifai, na kwamba unga ukikataa kuumuka hatuhitimishi kwamba hamira ni uongo. Tunauliza ilinunuliwa lini na ilihifadhiwa wapi. Maarifa hayo yote yanahitajika kwa bakteria wa mikunde: wahifadhiwe mahali pa baridi, wapakwe kwenye mbegu kivulini, mbegu ipandwe siku hiyo hiyo na kufukiwa mara moja. Hatudai kwamba istilahi rasmi iwe "hamira ya mbegu". Uamuzi huo ni wa mabaraza ya lugha. Tunachodai ni kwamba istilahi yoyote itakayosanifiwa imkumbushe mtumiaji kwamba ameshika kitu chenye uhai.

Suala hili lina uzito wa kikanda. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likachukua hatua kama hiyo mwaka 2022. Pakiti iliyotengenezwa Kenya inaweza kuuzwa Musanze au Mbale. Maelekezo yake yakiwa kwa lugha ambayo muuzaji na mkulima hawaisomi vizuri, kiumbe kilichovuka mpaka kikiwa hai kinaweza kufia dukani.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba bakteria wanaonasa naitrojeni walihukumiwa mara nyingi kwa makosa ya waliowabeba. Walichomwa Rothamsted, wakakaushwa hadi kufa juu ya pamba Marekani, na leo wanaungua juu ya rafu zetu. Walipofaulu, kama Australia, Brazil na Zimbabwe, palikuwa na taasisi ya kudumu iliyowahesabu kabla hawajamfikia mkulima. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, nchi za Jumuiya zikubaliane kiwango kimoja cha idadi ya bakteria hai na usafi wa bidhaa, na upimaji ufanyike dukani pia badala ya kuishia kiwandani. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 kuhusu mbolea na afya ya udongo uliweka lengo la kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea za ndani, za asili na za viwandani, ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo lina nafasi ya bakteria iwapo tu watahesabiwa.

Pili, isichukuliwe kwamba kila zao linahitaji kupandikizwa. Karanga na kunde kwa kawaida huwakuta bakteria wao udongoni, ilhali soya mara nyingi hunufaika. Bidhaa zinazodai kuzipatia nafaka naitrojeni zitakiwe kuleta ushahidi wa majaribio huru, kwa kukumbuka yaliyoipata Alinit.

Tatu, bakteria wasitengwe na mahitaji mengine ya udongo. Penye asidi kali na uhaba wa fosforasi, pakiti bora kabisa haitazaa kitu. Ruzuku inayolipia mfuko wa fosforasi na pakiti ya bakteria kwa pamoja ina mantiki zaidi kuliko inayolipia naitrojeni peke yake kwa zao la mikunde.

Nne, mkulima apewe kipimo chake mwenyewe. Mmea uking'olewa taratibu unapoanza kutoa maua, na kinundu kikapasuliwa kwa ukucha, rangi nyekundu ya ndani huonyesha kwamba bakteria wanafanya kazi, kwani ni rangi ya protini inayofanana na ile ya damu yetu. Kinundu cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Kipimo hiki hakihitaji maabara wala fedha. Maofisa ugani wakikifundisha kwa Kiswahili kinachoeleweka, na majibu ya wakulima yakarudishwa kwa wanaodhibiti ubora, mkulima hatabaki tena kuwa mtu wa mwisho kujua kwamba pakiti aliyouziwa ilikuwa imekufa.